Usishone Kabla ya Kufua

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Methali hii tumeiandika katika insha hadi kalamu zikakauka, lakini ni wachache wetu wanaoikumbuka wakiwa na mkasi mkononi. Mtu akisikia kwamba dada yake yu karibu kujifungua, mbio dukani! Ananunua mita moja ya flaneli yenye picha za sungura wekundu, na jioni hiyo hiyo cherehani inanguruma. Blanketi linatoka likipendeza ajabu. Kisha linafuliwa mara ya kwanza. Lahaula! Limekunjamana kama uso wa ajuza, pindo zimekwenda upande, na wekundu wa sungura umetambaa hadi kwenye masikio meupe.

Wengi wakiona hivyo humlaumu fundi, au cherehani, au mwenye duka. Kumbe mara nyingi kosa limo katika ile saa moja iliyorukwa, yaani saa ya kukiandaa kitambaa. Makala haya yanaeleza maandalizi hayo na sababu zake, kwani mwenye kujua sababu hasahau hatua. Tena si suala la urembo peke yake. Yamo humu mambo mawili matatu ambayo yakipuuzwa yatamtia mtoto hatarini.

Najua wapo watakaofunua ukurasa huu upesi wakisema, "Aka! Hayo ni ya wasichana wa Sayansikimu." La hasha! Hebu pita katika mtaa wowote wa mafundi wa nguo uhesabu wanaume walioketi nyuma ya cherehani. Fauka ya hayo, hakuna nyumba isiyopata mtoto. Kama si dada, ni shangazi. Kama si shangazi, ni jirani.

SIRI TATU ZA KITAMBAA KIPYA

Kitambaa cha kufuma kina nyuzi za aina mbili. Zipo zinazokwenda kwa urefu wa jora, nazo huitwa mtande. Zipo zinazopita katikati ya hizo kutoka upande hadi upande, nazo ni mshindio. Kiwandani mtande hukazwa barabara ili mshindio upite bila kukwama. Baada ya hapo kitambaa huvutwa tena kinapotiwa rangi na kinapokaushwa. Kwa hivyo jora tunalolikuta dukani ni kama mpira uliovutwa ukafungwa ungali umevutwa. Pamba ikipata maji, nyuzi zake hufura, na zile zilizokazwa hulegea zikarudi zilikotoka. Ndiyo maana twasema kitambaa kimerudi, yaani kimepungua. Aghalabu hupungua zaidi upande wa urefu, kwa kuwa ndio uliokazwa zaidi. Siri ya kwanza ndiyo hiyo.

Wenye viwanda wanalijua jambo hili tangu zamani. Mmarekani mmoja, Sanford Cluett, alibuni njia ya kukibana kitambaa kwa mashine ili kirudi kabla ya kuuzwa, naye akapata hataza ya njia hiyo mwaka 1930. Hata hivyo, usidhani kila jora la dukani limepitia huko. Flaneli hasa ni ya kushukiwa, kwa sababu nyuzi zake husokotwa kwa ulegevu ili zikwaruliwe na kutoa vile vinyweleo laini tunavyovipenda. Uzi uliolegea hupata nafasi kubwa ya kunywea.

Siri ya pili ni wanga na dawa. Nyuzi za mtande hupakwa wanga zisikatike wakati wa kufuma, na kitambaa kilichokwisha huenda kikapakwa tena kionekane kizito machoni pa mnunuzi. Aliye na leso nyumbani anajua: doti mpya husimama kama karatasi, lakini ikifuliwa mara mbili tatu hulainika. Vitambaa vingine, hasa vinavyosifiwa kwamba havikunjamani, hutiwa dawa yenye fomaldehaidi, ambayo huweza kuwasha ngozi. Huko Japani, chini ya sheria ya mwaka 1973 ya kudhibiti vitu vyenye madhara katika bidhaa za nyumbani, dawa hiyo haitakiwi kabisa katika nguo za watoto wasiotimiza miezi 24. Sisi tunaonunua kwa mita sokoni, kinga yetu ya karibu ni maji na sabuni.

Siri ya tatu ni rangi ya ziada, ile ambayo haikushikana na nyuzi na inangoja tone la kwanza la maji ianze safari. Nyekundu na buluu iliyokoza ndizo zenye sifa mbaya zaidi. Mtoto mchanga hunyonya chochote kinachofika mdomoni, hata pembe ya blanketi. Heri rangi hiyo iishie katika karai.

HESABU YA KABLA YA KUNUNUA

Blanketi linalopendwa sana siku hizi lina nyuso mbili: juu flaneli ya pamba, chini kile kitambaa chenye manyoya mafupi ambacho wauzaji hukiita flisi. Sasa angalia. Flaneli ya pamba huweza kurudi kwa asilimia 5, na nyingine hata asilimia 10. Flisi ni poliesta, nayo haipungui kwa kiasi cha kuonekana. Ukivishona pamoja kabla ya kufua, kila kimoja kikiwa na sentimita 90, baada ya kufua flaneli itabaki na sentimita 85 na nusu hali flisi ingali 90. Zile sentimita 4 na nusu zitakwenda wapi? Zitajikusanya ziwe makunyanzi, wala hakuna pasi itakayozinyoosha.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, chukua kalamu. Tuseme wataka blanketi la mraba la sentimita 90. Ongeza sentimita 1 na nusu kila upande kwa ajili ya mshono, upate 93. Ikiwa flaneli itarudi kwa asilimia 5, gawanya 93 kwa 0.95, utapata karibu 98. Ikiwa itarudi kwa asilimia 10, gawanya kwa 0.9, utapata 103 na ushei. Basi nunua mita 1 na sentimita 10, na masalio ufanyie jaribio nitakalolieleza. Upana nao uutazame. Jora la upana wa sentimita 90 halitatoa blanketi la sentimita 90 hata ulibembeleze. Ama utafute jora pana zaidi, ama uridhike na blanketi la sentimita 75, ambalo lamtosha mtoto mchanga. Mnaona? Zile asilimia tunazomlalamikia mwalimu wa Hisabati ati hazina kazi, kazi yake ndiyo hii.

JARIBIO LA KIPANDE

Kata kipande cha flaneli cha sentimita 20 kwa 20 na uandike kwa penseli upande upi ni wa urefu wa jora. Kifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikaushe, kipige pasi, kisha ukipime. Kikipungua hadi sentimita 19, kimerudi kwa asilimia 5. Kikifika 18, ni asilimia 10. Sasa unayo habari kamili ya jora lako, si ya kusikia kwa muuzaji.

Kwa upande wa rangi, chukua kitambaa cheupe kilicholowa na ukisugue kwa nguvu juu ya sehemu iliyokoza. Kikibaki cheupe, shukuru. Kikitoka na rangi, kitambaa chako kifuliwe peke yake, tena na tena, mpaka maji yatoke safi. Wapo watakaokuambia utie chumvi au siki ili rangi ishike. Ushauri huo ni wa kale, lakini chumvi na siki za jikoni haziwezi kuifunga rangi ambayo kiwanda kilishindwa kuifunga. Ikiwa umefua mara nne na maji bado ni mekundu, kitambaa hicho kitengenezee mfuko wa vitabu, usimfunike mtoto.

KUFUA KWENYEWE

Kanuni ni moja: kifue kitambaa leo jinsi blanketi litakavyofuliwa kesho. Ikiwa mama mtoto atatumia maji ya moto, nawe tumia maji ya moto. Ukikifua kwa maji baridi, naye akaja kukifua kwa maji moto, kitarudi mara ya pili kikiwa kimeshonwa, na kazi yako yote itakuwa bure.

Kwanza, zuia kingo zisifumuke. Kitambaa kilichokatwa dukani kikisuguliwa ndani ya maji hutoa nyuzi nyingi zikasokotana kama utambi. Kama kuna fundi karibu, mwambie akupigie ovaloki kwenye zile kingo mbili zilizokatwa. Kama hakuna, piga bandi kwa mkono.

Pili, tumia sabuni ya kipande isiyo na manukato makali, na usikisugue sana. Flaneli ikisuguliwa kwa nguvu hutoka vidonge vidonge. Ikamue kwa kuiminya, usiisokote kama unayekamua tui. Flaneli yafaa kufuliwa mara mbili kabla ya kukatwa, kwani haimalizi kurudi mara ya kwanza.

Tatu, suuza mara tatu au zaidi. Sabuni iliyobaki ndani ya nyuzi huwasha ngozi kama dawa za kiwandani. Wenzetu wanaotumia maji magumu ya visima wajihadhari zaidi, kwa maana maji hayo hushikana na sabuni yakaacha utando mweupe. Ikiwezekana, maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya mvua.

Nne, usitie dawa za kulainisha nguo. Dawa hizo hupaka nyuzi mafuta mafuta, zikapunguza uwezo wa kitambaa kunyonya maji. Kibaya zaidi, hufanya vitambaa vyenye vinyweleo vishike moto upesi zaidi. Tayari flaneli yenyewe ni hodari wa kushika moto, kwa kuwa vinyweleo vyake vimejaa hewa. Katika nyumba yenye jiko la makaa au mshumaa, hilo si jambo la mzaha.

KUANIKA NA KUPIGA PASI

Hapa nawaomba mtege masikio. Yupo nzi mmoja wa rangi ya manjano na hudhurungi anayepatikana katika sehemu nyingi za Afrika zenye joto na unyevu, Kenya ikiwamo. Nzi huyu hupenda kutaga mayai katika mchanga wa kivulini, au katika nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Mayai yakianguliwa, viluwiluwi vyake huingia ndani ya ngozi ya mtu na kufanya uvimbe kama jipu, na ndani ya jipu hilo mna funza. Mtu mzima hulia. Mtoto mchanga je?

Dawa yake ni rahisi. Usianike kitambaa juu ya nyasi, ua au mawe. Kianike kwenye kamba, juani kabisa, na ukianue kingali na joto la jua. Kisha kipige pasi ya moto pande zote mbili, usisahau kingo na pembe, kwa kuwa joto la pasi huua mayai na viluwiluwi. Flisi nayo haitaki pasi ya moto, maana poliesta huyeyuka ikashika chuma cha pasi. Flisi ianikwe ndani ya nyumba penye hewa, au juani kisha iwekwe mahali pakavu kwa zaidi ya wiki mbili kabla ya kutumiwa. Viluwiluwi visivyopata ngozi ya kuingia huwa vimekwisha kufa.

Unapopiga pasi flaneli, bonyeza na kuinua, usiiburure pasi huku na huko ukakivuta kitambaa kikapinda. Anayetumia pasi ya makaa aipunguze majivu kwanza na aijaribu juu ya kipande kile cha jaribio, kwani cheche moja yatosha kutoboa kitambaa cha mita nzima.

JIHADHARI NA VIDONGE VYA NONDO

Kitambaa kimeoshwa, kimekauka, lakini siku za kushona bado. Tutakiweka wapi? Mahali popote safi na pakavu, lakini si pamoja na vile vidonge vyeupe vya naftalini ambavyo watu huweka sandukuni kufukuza nondo na mende.

Sababu ni hii. Wapo watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembechembe nyekundu za damu. Upungufu huo hupatikana zaidi kwa watu ambao asili yao ni maeneo ya malaria, na kwetu Kenya ndiko kule Pwani na kando ya Ziwa Victoria. Wengi huishi nao bila kujua. Lakini mtoto mchanga mwenye upungufu huo akifungwa ndani ya kitambaa kilichokaa na naftalini, mvuke wake huingia mwilini kwa pumzi na kwa ngozi, na chembechembe za damu huanza kuvunjika. Macho na ngozi hugeuka manjano. Manjano hayo yakizidi hufika kwenye ubongo, yakaacha kilema cha maisha au yakaua. Mtoto anayeonyesha dalili hizo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja kesho.

Kwa hivyo kitambaa kinachonuka vidonge hivyo, hata kiwe cha thamani namna gani, usikifanye blanketi la mtoto. Ikiwa bibi amekupa shuka la zamani kutoka sandukuni, mpokee kwa mikono miwili, umshukuru, kisha umweleze kwa adabu. Shuka hilo litapata kazi nyingine.

KUNYOOSHA NA KUKATA

Kitambaa kilichofuliwa kikiwa kimepinda kitatoa blanketi lililopinda. Ili kujua kama kimenyooka, chomoa uzi mmoja wa mshindio karibu na ukingo uliokatwa. Utaacha mstari mwembamba. Kata ukifuata mstari huo. Fanya hivyo ncha zote mbili, kisha ukunje kitambaa katikati kwa urefu. Pembe zikikutana, hongera. Zisipokutana, shika zile pembe mbili zilizo fupi, wewe na mwenzako, mvute kwa hanamu polepole mpaka zilingane. Halafu kipigwe pasi tena.

Pitisha kiganja juu ya kitambaa kama mtu anayempapasa paka. Upande mmoja vinyweleo hulala, upande mwingine husimama. Vipande vyote vikatwe vinyweleo vikielekea upande mmoja, la sivyo blanketi litaonekana lina rangi mbili kwenye mwanga.

Mwisho, tafuta nyuzi zinazoning'inia na uzikate zote. Uzi mrefu ulioachwa huweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto ukazuia damu isipite, naye hana maneno ya kusema kinachomuuma. Ndiyo sababu wengi hawapendi vishada na vifungo katika blanketi la mtoto mchanga. Vilevile mkumbushe mama kwamba blanketi humfunika mtoto mwili, lisipande usoni.

NA MITUMBA JE?

Si kila mtu ana pesa za kitambaa kipya, wala si lazima. Shuka la pamba kutoka Gikomba, Kongowea au Kibuye lina faida zake: limefuliwa mara nyingi, wanga umekwisha, limerudi likamaliza, na ni laini kuliko kitambaa cha duka. Lakini hatujui lilikotoka. Lilowekwe katika maji ya moto yanayozidi nyuzi joto 50 kwa muda usiopungua dakika 10, ili wadudu wa upele na chawa wafe, kisha lifuliwe, lianikwe juani na lipigwe pasi kama tulivyoeleza. Halafu liinue mbele ya dirisha. Panapopenya mwanga mwingi pamechakaa, ukate pembeni mwake. Na kabla ya yote, linuse. Likinuka vidonge vya nondo, mrudishie muuzaji.

Kwa jumla, kazi yote hii ni ya siku mbili, na sehemu kubwa ya siku hizo unangoja jua likaushe. Gharama yake ni kipande cha sabuni na makaa ya pasi. Ukilinganisha na bei ya kitambaa kilichoharibika, au na usiku mmoja wa mtoto asiyelala kwa kuwashwa, utaona wahenga walivyotwambia kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi wenzangu, likizo ijapo, mtu akikuletea flaneli ya sungura wekundu na kukuambia ushone upesi upesi, mwombe kwanza karai na maji. Hapa naiweka kalamu chini. Alamsiki.